Kwa Heshima, Afande

Jinja, Jumatatu 15 Septemba 1997

Mvua imeanza mapema mwaka huu, na Oliver naye kaanza mapema. Sijakunja hata mwavuli ameshanisomea amri ya Kampala, makao makuu yetu. Oliver Namukose ndiye meneja wetu hapa Jinja. Alikuwa askari magereza, na mpaka leo akikupa kazi ni kama amekufungia mlango kwa nje. Kazi yenyewe: kabla ya Desemba kurasa zetu zote za barabara ziandikwe kwa lugha mpya ya kualamisha maandishi. Akaondoka bila kuniuliza kama inawezekana.

Naandika hapa usiku huu ili kesho nisimpigie mtu kelele.

Ushirika wetu ni wa malori. Waliouanzisha ni wanajeshi, polisi na askari magereza waliostaafu, ndiyo maana ofisini tunasema Kiswahili, na ndiyo maana mjini, ambako Kiswahili ni lugha ya askari, wakitusikia wanatuangalia kwa jicho la pembeni. Tunabeba dawa na chumvi kutoka hapa mpaka Mbale na kupanda nazo milimani. Kila asubuhi watu wa Mbale huandika hali ya barabara kwenye kompyuta yao, simu inaleta maandishi huku, mimi nayachapa, dereva anachukua karatasi yake na kwenda. Programu tunayotumia inaitwa wiki. Jina hilo limeshatupatia utani wa kutosha, kila mtu anauliza mwezi wake unakuja lini. Uzuri wake ni mmoja: ukurasa hauna mwenyewe. Ukiona mwenzako amekosea, unafuta, unaandika lililo sahihi, basi.

Hadi sasa tumeandika mstari chini ya mstari kama watu wasio na haya. Lugha mpya inataka kila kitu kivishwe alama mbele na nyuma, mashine ijue hiki ni kichwa, hii ndiyo habari yenyewe, haya ni maoni tu. Programu yetu haiijui lugha hiyo. Ni mimi Nasiba binti Marjan wa kuifundisha.

Alhamisi 18 Septemba

Nimepitia kurasa za zamani kuona nitakachokibadilisha. Ni aibu. Ukurasa wa Mbale unaanza na mstari mmoja wa Afande Ojok, mkuu wa depo yetu ya Malukhu, huko huko Mbale: "Njia ya juu inapitika." Halafu chini yake mistari minane ya karani wake, Gorreti: "Kwa heshima na taadhima, afande, ni kweli kama ulivyosema. Ningeomba kuongeza kidogo tu, kama hutajali, kwamba mahali fulani pana matope kiasi." Halafu anaongeza tena chini ya nyongeza. Mwishoni anamsalimu mumewe, Jude, ambaye ni dereva wetu.

Mtu akiambiwa futa uandike, yeye anapiga magoti. Madereva nao wanalalamika kwamba karatasi imekuwa ndefu kama hotuba ya posa.

Mbale, Jumatano 24 Septemba

Nimekuja Malukhu kuwaeleza lugha mpya. Depo iko nyuma ya maduka ya mbao, bati lake likipigwa na mvua huwezi kusikizana. Afande Ojok ni mrefu, mkimya, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama.

"Kwa hiyo mtu yeyote anaweza futa maneno yangu," akasema.

"Kama si sahihi, afande."

"Mimi naandika kitu nimeona na macho yangu. Nani atafuta macho?"

Nikamgeukia Gorreti. Ni mwanamke mdogo wa umbo, Mgisu wa huko huko milimani, sauti yake ya chini mpaka unainama kumsikia. Nikamwambia asiandike tena chini, akiona kosa afute. Akatabasamu kwa adabu.

"Ndiyo, dada."

Nilipogeuka nilimwona anaandika chini.

Jinja, Jumapili 28 Septemba

Nimemsimulia baba habari za Gorreti nikidhani atacheka. Baba alikuwa fundi wa redio jeshini zamani, kabla hatujakimbilia Kenya. Hakucheka. Akasema kwao ilikuwa vilevile: mkubwa akiandika ujumbe, hugusi neno lake, unaongeza lako chini.

"Ukifuta neno ya afande, karatasi inakuwa yako. Na ikiwa na kosa, kosa pia yako. Wewe ukiandika chini, wote wawili mko salama."

Nikamwambia huo ni woga uliovaa sare. Akaomba chai.

Ijumaa 3 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Programu sasa inavijua vichwa na orodha. Imekataa majedwali.

Jumanne 7 Oktoba

Umeme hakuna. Nimekaa tu nikimwangalia Oliver akihesabu makoti ya mvua.

Jumatatu 13 Oktoba

Imekwisha, na najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu. Ugumu ulikuwa kwenye kurasa za Mbale: mashine itajuaje ipi ni habari na ipi ni maneno ya adabu? Nikazikata kama ninavyokata kitunguu. Mstari wa kwanza chini ya jina la barabara ni habari. Vyote vinavyofuata ni maoni. Na maoni, kwa lugha hii mpya, yanabaki kwenye ukurasa kwa anayeufungua, lakini kwenye karatasi hayachapwi.

Karatasi ya leo ilikuwa nusu ukurasa. Madereva wamefurahi. Oliver aliishika kwenye mwanga, akasema, "Sasa hii ni karatasi ya watu na kazi." Kwa Oliver hayo ni mashairi ya mapenzi.

Alhamisi 16 Oktoba

Mvua. Wanasema hata huko Buwenge mahindi yameoza shambani. Wazee sokoni wanasema hawajaona mvua ya namna hii, ingawa wazee husema hivyo kila mvua.

Jumatatu 20 Oktoba

Mvua. Kutoka Mbale kila siku mstari ule ule: "Daraja la Mafabi linapitika. Nimepita mwenyewe. Ojok." Ni daraja la mtoni njia ya kupanda milimani, madereva wameliita hivyo kwa ajili ya duka la mtu aitwaye Mafabi lililo karibu yake. Nimeanza kumpenda Afande Ojok. Anaandika kama mashine inavyotaka.

Jumatano 22 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Jude alikuja kuchukua karatasi. Majuma haya mawili alikuwa njia ya Busia na akilala hapa Jinja, nyumbani Mbale hajafika. Leo Oliver alimpa lori namba kumi na nne, limejaa katoni za dawa za zahanati za juu. Mzigo ulikuwa umeshapangwa, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuingia depo ya Malukhu, angepita moja kwa moja. Ni mtu wa masihara, polisi wa zamani mwenye tumbo la raia. Aliisoma karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Nyabo Nasiba, niulizie mke wangu mimi nimekosa nini."

"Kwa nini?"

"Zamani yeye alikuwa naandika pale chini. Hata salamu. Sasa hakuna. Karatasi ni ya afande peke yake."

Nikamjibu kwamba karatasi ya ofisi si ya mapenzi. Akacheka, akaikunja, akaondoka.

Mvua ilipopungua nikawa na nafasi, na neno lile likanirudia. Nilitaka kuona kama kweli Gorreti amenuna. Nikafungua ukurasa wenyewe, si ule wa kuchapwa. Juu kulikuwa na mstari wa Ojok. Chini yake, kila siku, Gorreti.

"Kwa heshima, afande, linapitika kama ulivyosema. Naongeza tu kwamba akina mama wauza ndizi wameona ufa kwenye nguzo."

"Kwa heshima, afande. Ufa sasa unaingiza mkono."

"Kwa heshima. Wenye baiskeli wanashuka wanasukuma. Naomba gari lenye mzigo lisipite. Naomba Jinja wasome."

Jinja ni mimi.

Nilikimbilia redio. Nikaita namba kumi na nne, nikapata mvumo tu, na radi zilikuwa upande ule ule wa Mbale. Oliver aliingia, nikamweleza kwa maneno matatu. Hakunigombeza. Alishika simu akawa anaizungusha yeye mwenyewe, laini ikikatika anazungusha tena, hadi Malukhu wakaitika. Akanipa.

"Gorreti, Jude anajua habari ya daraja?"

"Si iko kwa karatasi? Mimi naandika kila siku."

"Karatasi haina. Programu yangu inayaficha maneno ya chini."

Nikasikia mvua ya kwao ikipiga bati.

"Inaficha maneno ya mtu namna gani? Mimi nilifikiri nyinyi ya Jinja mmesoma, mkaamua."

"Yuko njiani kwenda kule na mzigo. Huku redio haimpati. Wewe uko karibu, mwambie asimame."

"Siwezi. Ruti ni afande anapanga. Na afande leo ako njia ya Kampala."

"Basi mwambie kama mke wake."

"Kama mke hatasimama. Atacheka, atasema nimeota ndoto. Jude alikuwa polisi, dada. Yeye anasimama na amri."

Nikasikia simu ikiwekwa mezani, kiti kikiburutwa, kisha sauti ambayo sikuijua. Ilikuwa ya Gorreti, lakini haikuwa ya chini tena.

"Kumi na nne, kumi na nne, hapa Malukhu. Amri ya Afande Ojok. Simama kwa duka ya Mafabi. Usipande daraja. Rudia."

Mvumo.

"Kumi na nne. Amri ya Afande Ojok. Simama kwa Mafabi. Rudia."

Mvumo. Oliver alikuwa ameegemeza sikio karibu na langu, nikisikia anavyopumua. Gorreti aliita tena, na tena, neno kwa neno bila kupandisha sauti, na kati ya mwito na mwito nilimsikia akiomba Mungu kwa Kigisu. Halafu kwa mbali sana, kama mtu anaongea ndani ya mtungi, tukasikia: "...kwa Mafabi. Nasimama, afande."

Gorreti akarudi kwenye simu. "Amesimama," akasema. Halafu akasema, "Nimedanganya na jina ya afande."

Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, mbele ya Oliver, ambaye alitoka akafunga mlango taratibu.

Alhamisi 23 Oktoba

Daraja limesimama.

Mvua yote ile ya jana, na limesimama. Malori ya wafanyabiashara yamepita asubuhi nzima, na Jude amekaa kwa Mafabi anayaangalia. Jioni ameurudisha mzigo depo. Zahanati za juu zinauliza dawa.

Ijumaa 24 Oktoba

Afande Ojok amerudi, amenipigia. Nilimweleza kila kitu: nilivyopanga programu, nilivyodhani maneno ya chini ni adabu tupu, jinsi redio ilivyokataa.

"Programu haina cheo," akasema. "Mimi nauliza kitu moja. Nani alitoa amri na jina yangu?"

"Afande, hakukuwa na njia nyingine."

"Jina yangu si koti, ati mtu akiona mvua anavaa. Daraja imeanguka?"

"Hapana, afande."

"Basi."

Gorreti amesimamishwa kazi. Kamati itakaa mwezi ujao, na wote wanasema atafukuzwa. Jude yeye wamemrudisha Busia. Nina hasira. Namchukia Ojok na viatu vyake. Hapo hapo najua kwamba kama Gorreti angefuta mstari wa Ojok kama nilivyomwagiza, leo angefukuzwa kwa hilo, na daraja lingekuwa limesimama vilevile. Mimi nilimwita mwoga nikiwa nimekaa pakavu.

Jumatatu 27 Oktoba

Nimeanza programu upya. Jana usiku nilielewa kitu nilichopaswa kukielewa siku ya kwanza. Nilikuwa naifundisha mashine lugha ya watu wa mbali, na watu wetu wanayo yao tayari. "Kwa heshima" ni alama. Wanaiweka mbele ya jambo ambalo mkubwa hajaliona. Kila mtu Malukhu anaisoma hivyo, madereva wanaisoma hivyo, Jude aligeuza karatasi mpaka nyuma akiitafuta. Asiyeijua nilikuwa mimi na kompyuta yangu.

Kwa hiyo naongeza alama ambayo Kampala hawanayo. Herufi mbili, kh. Mstari ukianza na "Kwa heshima", programu inauvisha kh, na wenye kh unachapwa kwa herufi nene zile zile za mstari wa juu, chini yake, bila kuufuta. Kampala watauliza hii imetoka wapi. Watajibiwa.

Jumatano 29 Oktoba

Mvua. Daraja limesimama. Kila asubuhi nauliza, na kila asubuhi Malukhu wananijibu kwa sauti ya kunionea huruma.

Jumamosi 1 Novemba

Limesimama. Madereva sasa wana msemo: mtu akichelewa anasema amesimama kwa Mafabi. Nimemkemea mmoja mbele ya wenzake.

Jumapili 2 Novemba

Mtu anaweza kujikuta anaomba daraja lianguke. Niliswali mara mbili kuliondoa wazo hilo.

Jumanne 4 Novemba

Limeanguka leo mchana.

Lori la mahindi la mfanyabiashara mmoja lilikuwa juu yake. Nguzo ya upande wa Mbale iliachia kwanza, ndiyo ile ile ya ufa. Dereva wamemtoa akiwa hai, mwenzake maji yamemchukua. Sijui jina lake. Nimekaa na karatasi ya leo mkononi, yenye mstari ule ule, linapitika, nimepita mwenyewe.

Hakuna aliyekuja kuniambia nilikuwa sahihi, na sikutaka. Jioni Jude alifika kutoka Busia, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa ameshasikia. Akaomba simu ampigie mkewe kwa jirani, nikatoka nje nikamwachia chumba.

Mbale, Ijumaa 7 Novemba

Nimeileta programu mpya kwenye diski. Afande Ojok nilimkuta peke yake depo, ameketi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Viatu vilikuwa na matope mekundu mpaka kwenye kamba. Alikuwa ametoka mtoni. Wenyeji walisema amekwenda kila siku tangu Jumanne, anasaidia kumtafuta yule mtu, anatembea ukingoni na fimbo.

Nikaweka diski, nikamwonyesha. Mstari wa juu, mstari wa chini, kh. Aliinamia kioo akasoma.

"Hii ya chini inachapwa sawasawa na ya juu?"

"Sawasawa, afande."

"Mimi nilipita hiyo daraja na gari ndogo," akasema. "Siku moja. Halafu kila asubuhi nikaandika ile ya jana. Hii mama alikuwa naandika chini yangu, na mimi sikushuka kusoma. Afande hasomi chini."

Nilikuja na maneno yangu makali nimeyanoa tangu Jinja. Nikauliza moja tu.

"Na Gorreti, afande?"

"Kamati haitakaa. Nimewaambia ile amri ilikuwa yangu."

"Haikuwa yako."

"Ingekuwa yangu, kama mimi ningekuwa mtu wa kusoma." Akainuka, akachukua fimbo yake. "Mimi nimeenda kwake jana. Atarudi Jumatatu. Hakunipa kiti. Ni sawa."

Jinja, Jumatatu 10 Novemba

Asubuhi simu ilileta ukurasa wa Mbale. Nikaufungua kabla hata ya kuvua koti.

Mstari wa Ojok haupo. Umefutwa wote, neno kwa neno, na mahali pake, pale juu, pameandikwa: "Daraja la Mafabi halipo. Njia ya juu imefungwa kwa magari yote. Gorreti." Bila taadhima na bila kuomba kuongeza. Nikakumbuka baba na chai yake. Karatasi sasa ni ya Gorreti.

Chini yake palikuwa na kh.

"Kwa heshima, Mama Gorreti, ni kweli kama ulivyosema. Naongeza kidogo tu, daraja ya pili, ile ya njia ya kuzunguka, mimi pia sikuangalia vizuri. Naomba Jinja msitume gari mpaka nimeenda na miguu. Ojok."

Nilichapa. Jude alikuja akiwa amelowa, akaisoma pale pale kwenye kaunta. Alipofika kwenye mstari wa Ojok akaweka kidole.

"Hii nani ameandika?"

"Si umeona jina."

"Pale chini?"

"Pale chini."

Akasoma tena, na safari hii niliona mgongo wake ukinyooka na visigino vikikutana, tumbo na vyote. Kisha macho yakashuka hadi mwisho wa karatasi, ambako palikuwa na mstari mwingine wa kh, wa mkewe: koti lake la mvua ameliacha nyumbani, na asile chakula cha barabarani.

Oliver alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega langu. "Hiyo ya koti si habari ya barabara," akasema. "Toa kwa karatasi ya hao wengine."

Madereva walikuwa wanangoja mstarini na mvua ilikuwa inaanza tena.

"Kwa heshima, afande," nikamwambia, nikachapa karatasi zote kama zilivyo.